Nadhiri ya Mama Padre

Mtoni, Temeke
14 Juni 1966

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na lile goti la kulia limeacha ukorofi tangu mvua zilipokatika. Mie huku mzima, nakula nashiba, nalala pakavu. Wasiwasi wangu ni wewe unayechota maji peke yako. Je, Margareta wa jirani bado anakusaidia? Msalimie, na kigango chote wasalimie.

Mama, najua umeshangaa kuona muhuri wa posta ya Dar es Salaam badala ya ule wa kule seminari. Usishtuke. Nimekuja kukaa huku kwa muda, nitafakari. Nimepata chumba kwa Mzee Marijani, mtu wa pwani hasa, fundi viatu. Mchana hukaa barazani kwake akikata matairi ya magari yaliyochakaa na kutengeneza makatambuga, na mie nikiwa sina la kufanya humshikia tairi. Mkewe, Bi Hamisa, ananiita Padre Mdogo kwa utani, na hanipi nafasi ya kuona njaa. Nyumba nzima ni Waislamu isipokuwa mie, lakini Jumapili yeye ndiye anayeniamsha nisichelewe Misa Chang'ombe.

Nikipata utulivu nitakueleza zaidi. Niombee, nami nakuombea.

Mwanao,
Kasimiri


Chilolo, Masasi
20 Julai 1966

Mwanangu Kasimiri,

Marahaba, na milele amina. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Goti ni lilelile, halijui kiangazi wala masika. Margareta anakuja, ila siku hizi anakuja kwa mlango wa mbele na kuondoka kwa wa nyuma, maana kuna kijana anamsubiri kisimani. Korosho zimeanza kutoa maua. Wote wanakusalimu.

Sasa nikuulize. Kutafakari gani huko kunakohitaji Dar es Salaam? Seminari ina kanisa, ina bustani, ina ukimya mpaka mtu anachoka nao. Wewe umekwenda kutafakari penye nyundo. Na mbona hukai kwa Mapadre? Sina neno na Waislamu, mjomba wako mwenyewe alisilimu kwa ajili ya mke na tunakula naye sahani moja. Nauliza tu kwa sababu nimekuzaa, na ninapokusoma naona kama kuna mstari umeuruka.

Huku maandalizi yanakwenda. Masista wa misheni wameshaanza kukudarizia kasula, lile joho la Misa, wanataka kipimo cha mabega yako. Nimefuga mbuzi dume wawili kwa ajili ya siku ya upadrisho na wamenona hawasogei. Na watu, wewe waache tu. Tangu ulipovaa kanzu hakuna anayenijua kwa jina langu, ni Mama Padre huku, Mama Padre kule. Kanisani nimewekewa benchi la mbele. Hata Mzee Albano, aliyezaliwa kabla yangu, ananipa shikamoo, nami naipokea, Mungu anisamehe.

Niandikie tarehe. Usiniandikie habari za matairi.

Mimi mama yako,
Mama Padre


Mtoni, Temeke
9 Septemba 1966

Mama mpenzi,

Shikamoo. Barua yako niliipata, ilichukua siku kumi na nane njiani. Mie mzima. Mzee Marijani na Bi Hamisa wanakusalimu, na Bi Hamisa anasema ulikande goti kwa mafuta ya nyonyo ya moto, jioni, kabla hujalala. Nisamehe kukawia kujibu.

Tarehe bado, mama. Waambie Masista wapumzishe sindano.

Umenikataza habari za matairi, lakini hii moja nisipokueleza nitapasuka. Sokoni Temeke anakaa mzee mmoja, anaitwa Fakihi, anauza ugoro. Ujanani aliugua ukoma. Vidonge vimemponya, hana tena maradhi ya kumpa mtu, ila miguu imebaki na ganzi na vidole vimebaki vichache. Alikuwa akitembea na matambara. Nikamwonea huruma, nikamtengenezea makatambuga kama nilivyofundishwa: soli ya tairi, kanda za mpira, na kijisumari kila mahali kanda inaposhika soli. Akanishukuru mbele za watu, nami nikajiona mtu.

Siku ya tatu nikamkuta kwenye kigoda chake anapiga soga, na chini ya mguu wake wa kushoto mchanga umelowa damu. Msumari mmoja ulikuwa umetokeza juu ya soli. Alikuwa ameukanyaga siku mbili, kutoka Tandika hadi sokoni na kurudi, wala hakujua. Mama, niliyemtoboa ni mie, kwa mkono uleule uliotaka kumsaidia.

Nilimweleza Mzee Marijani. Akasema amepigilia misumari miaka thelathini na hajawahi kumwumiza mtu, kwa sababu mteja akichomwa hurudi siku hiyohiyo na matusi yake. Huyu hana kitu cha kumwambia arudi. Basi nikaanza upya. Nimeharibu soli saba. Sasa natoboa tundu ubavuni mwa soli, napitisha kanda, naifunga kwa chini na kuishona kwa uzi wa nta, na juu naweka vipande vya mpira wa ndani na blanketi kuukuu mguu ukalie. Msumari hakuna hata mmoja. Kila jioni namwosha miguu na kuikagua, maana mwenyewe hawezi kujua kama ameumia. Kidonda kinafunga.

Sijawahi kuwa na furaha ya namna hii, mama. Hata siku niliyovishwa kanzu. Nakwambia hivyo ingawa najua utakasirika.

Mwanao,
Kasimiri


Chilolo
24 Novemba 1966

Kasimiri,

Mimi mzima. Nawe uwe mzima.

Padre Leonardi aliniita sakristia Jumapili, baada ya Misa. Amepata barua ya Gombera, mkuu wa seminari. Gombera anauliza kama tuna habari zako, kwa kuwa tangu ulipomwambia kwa kinywa chako kwamba unaacha, mwezi wa tano, hujamwandikia. Mwezi wa tano! Nusu mwaka mimi naulizwa tarehe na kujibu kwamba i karibu. Mbuzi wanazeeka, mimi nasema i karibu.

Lakini aibu naiweza. Nimemzika baba yako, nimewazika ndugu zako wawili kabla hujazaliwa, aibu haitaniua. Kinachonitetemesha ni nadhiri. Tangu utoto unajua: ulikuwa na miaka miwili, degedege likakushika tangu alfajiri mpaka saa nane mchana, macho yamegeuka meupe, nikapiga magoti nikaweka nadhiri, nawe ukafumbua macho ukaomba maji. Kilichotolewa kwa Mungu hakirudishwi nyumbani. Siku hizi mtu akikatiza uani kwangu kwa haraka, nadhani analeta habari ya kifo chako.

Rudi. Kampigie magoti Gombera, amekupenda siku zote, atakusikia. Sikuombi, nakuagiza.

Na habari za miguu ya yule mzee usiniandikie tena. Sitaki kuzisoma.

Mama yako,
Bernadeta

Lile jina jingine nimewaambia waache kuniita. Hawasikii.


Mtoni, Temeke
18 Desemba 1966

Mama,

Shikamoo, hata kama hutaki kuitikia. Mie mzima wa mwili. Nakuombea heri ya Noeli.

Ni kweli. Niliacha mwenyewe. Sikufukuzwa, sikuiba, na hakuna msichana. Najua Chilolo watasema ni msichana. Ilibaki miezi tu nipewe ushemasi. Nilikudanganya kwa kunyamaza, na nilifanya hivyo kwa sababu nakuogopa wewe kuliko Gombera na Askofu ukiwaweka pamoja. Nisamehe.

Ngoja nikueleze, kisha unihukumu. Kule seminari tulikuwa tukielezana namna kila mmoja alivyoitwa. Huyu aliitwa akichunga, huyu aliitwa msibani kwa babake. Zamu yangu ikifika nilisema mama yangu aliweka nadhiri. Wote waliona inatosha, isipokuwa Gombera. Aliniita ofisini akaniambia, "Hiyo ni habari ya mama yako, Kasimiri. Nakuuliza yako." Sikuwa nayo. Nikaenda kuitafuta mwaka mzima, kwa kufunga, kwa kukesha, sikuiona. Nilikuwa nikisoma sala zangu kama mtu aliyeletewa barua ya jirani kwa makosa. Maneno mazuri, lakini si mie ninayeandikiwa.

Ningeweza kupadrishwa hivyohivyo. Wangenibusu mikono, wewe ungelia kwa furaha. Lakini siku moja mtu angekuja kwangu na shida ya kweli, nami ningemfungulia mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Usidhani sina hofu. Kichwa kikiniuma nafikiri ndiyo nadhiri imekuja kudai. Ila najiuliza pia: Mungu aliyenifumbua macho saa nane ile alikuwa na shida gani ya kunifumbua, kama si nione kitu nifanye? Sijui kama kitu chenyewe ndicho hiki. Najua tu kwamba nikiosha mguu wa mtu asiyeusikia, siulizi tena kama nimeitwa.

Naomba radhi yako, mama. Bila hiyo kisu changu kinakata soli upande.

Mwanao,
Kasimiri


Mtoni, Temeke
12 Machi 1967

Mama yangu,

Shikamoo. Ni miezi mitatu sijapata mstari wako. Jamaa wa Masasi aliyeshuka na meli ya Mtwara ameniambia u mzima na unakwenda kanisani, ila umehama benchi, unakaa nyuma kabisa na wanaochelewa.

Huku mji umechangamka tangu Azimio litangazwe. Watu wanatembea kwa miguu kuliunga mkono, na Mzee Marijani anasema hajawahi kuona siasa yenye faida kwa fundi viatu kama hii. Mafundi wa Temeke wanataka kuanzisha ushirika, na yeye amewaambia wazi kwamba anaingia iwapo tu nami nitaingia. Mganga wa zahanati naye ananiletea watu. Sasa nina kumi na tisa wenye miguu ya ganzi, mmoja anatoka mpaka Chanika, anaanza safari na jogoo.

Lakini nimepata barua ya Gombera. Ananiambia mlango u wazi. Nikirudi kabla ya mwezi wa saba nitapewa ushemasi pamoja na wenzangu. Baada ya hapo, hataki kuahidi kitu asichokiweza. Nimeisoma mpaka karatasi imelainika.

Nimeamua hivi, mama. Nimechoka kuishi na hofu yako na yangu. Nadhiri uliiweka wewe, maisha ulinipa wewe. Ukisema rudi, nitafunga mzigo wangu na kurudi, nitakuwa Padre mwema kadiri nitakavyojaliwa, na hutasikia nikinung'unika hata siku moja. Ukisema kaa, nitakaa. Ukinyamaza nitahesabu kwamba umesema rudi. Nitasubiri mpaka mwisho wa mwezi wa sita.

Kwaresima njema.

Mwanao,
Kasimiri


Chilolo
21 Mei 1967

Mwanangu,

Milele amina. Marahaba mbili, moja kwa kila barua niliyoinyamazia. Rufiji ilifurika, hakuna gari lililopita, lakini nisijifiche nyuma ya mto. Nilikuwa na karatasi, nilikuwa na kalamu. Nilikosa moyo.

Usirudi seminari.

Naandika hilo kwanza ili hata nikishindwa kuandika mengine, uwe umelipata. Sasa kaa chini, Kasimiri. Kama unapitisha uzi, uweke.

Umejua siku zote kwamba nililelewa kwa Masista na kwamba wao ndio walionifundisha kusoma na kuandika. Hujawahi kuuliza kwa nini niliondoka, nami sikukuhimiza uulize. Nilipokuwa na miaka kumi na minane walinipeleka kambi ya wakoma, Nambaya, kusaidia kufunga vidonda. Nilikuwa nimeomba mwenyewe. Wewe unasema hukusikia kuitwa. Mimi nilisikia. Sikuona malaika wala nuru. Nilikuwa nimeinama juu ya mguu wa mtu, nikajua tu, kama unavyojua njia ya kwenu, kwamba hapa ndipo nilipoumbiwa. Nilikaa miezi mitano. Kisha likatokea doa jeupe hapa mkononi, juu ya kifundo. Sikumwambia Sista. Sikumwambia mtu. Nilitoka kama ninayekwenda kuteka maji nikaendelea kutembea mpaka kwetu. Doa lilikuwa choa tu, mwanangu, si ukoma. Bibi yako alilipaka dawa ya majani likaisha kwa juma moja. Nami kwa aibu sikurudi. Baba yako akaja kuposa, nikaolewa.

Wakafa ndugu zako wawili. Ukaja wewe, ukashikwa na degedege. Nami nikajua, au nilidhani najua, ninadaiwa nini. Nikapiga magoti nikasema: Bwana, huyu akipona, nitarudi Nambaya. Hayo ndiyo maneno. Ndiyo yote. Hukutajwa kuwa Padre. Hukutajwa kuwa kitu chochote ila kupona.

Mwanzoni nilisema nikulee kwanza. Haki, mtoto hana wa kumwachia. Kisha baba yako akafa nikasema nimalize eda ya huzuni. Ukafika miaka kumi na miwili, mimi mjane, sina kizuizi, na Nambaya ni mwendo wa siku moja kwa lori la misheni. Nikaogopa tena, Kasimiri. Nikasikia ile harufu ya vidonda puani kana kwamba nimeondoka jana. Ndipo nikaenda kwa Padre wa zamani nikamwambia niliweka nadhiri ya kumtoa mtoto. Alifurahi sana akanishika mikono yote miwili. Hakuna aliyenikatalia. Mama anayemtoa mwanawe wa pekee nani atamkatalia? Wakaniita Mama Padre, wakanipa benchi, na kadiri walivyoniita ndivyo nilivyosahau, mpaka nikaamini mwenyewe.

Ulipoandika habari za yule mzee wa ugoro na damu kwenye mchanga, sikula siku mbili. Nilikukataza usiniandikie kwa sababu kila mstari ulikuwa unanisuta. Mtoto niliyemtwika mzigo wangu ameuweka chini, akaenda zake mjini, na bila kuambiwa na mtu ameinama juu ya miguu ileile niliyoikimbia.

Hukusikia sauti kwa sababu hukuitwa wewe. Aliyeitwa ni mimi. Nimekuibia miaka kumi na miwili, nikakutisha kwa kifo juu yake. Radhi unayoniomba, ninayo tele, chukua yote, kwa mikono yako na kisu chako na kila utakalogusa. Ila nami naiomba yako, na sijui kama mzazi huomba hivyo.

Usiniogopee kufa tena. Aliyeahidi ni mimi, na nimeishi mpaka goti limezeeka. Nikiwa peke yangu sasa nauliza Mungu anataka nini kwa mjane kama mimi, na naogopa jibu kwa sababu nalijua.

Mama yako,
Bernadeta


Mtoni, Temeke
2 Julai 1967

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeipata barua, namshukuru Mungu Rufiji imeshuka kwa wakati. Nilikaa nayo barazani mpaka Bi Hamisa akatoka kuuliza nani amefariki.

Siku tatu nilikukasirikia. Nakwambia kwa sababu nimechoka kukuficha mambo. Nilikumbuka baridi ya seminari, nikakumbuka usiku ambao nililowesha mto wa kulalia kwa machozi nikidhani mie ni mkosefu ambaye Mungu hamsemeshi. Siku ya nne akaja yule mtu wa Chanika, amekanyaga kaa la moto jikoni kwake hajui, nikashinda naye. Nikiwa namfunga nikamwona akilini msichana wa miaka kumi na minane mwenye doa mkononi, hana wa kumwuliza. Hasira ikaniishia hapohapo. Mama, radhi unayo. Ulikuwa nayo kabla hujaiomba.

Nimemwandikia Gombera kumshukuru na kumweleza kwamba sirudi. Tarehe imepita na mie sikuumwa hata jino. Ushirika tumeuanza, tuko mafundi sita.

Kuhusu nadhiri yako, usijitese. Padre Leonardi ana uwezo wa kukufungua. Umri umekwenda, goti hilo, na Mungu si mkoloni wa kumfuata mtu na kodi ya zamani. Nenda ukamwone. Kisha panda meli uje Temeke, Bi Hamisa ameshanionesha mahali atakapoweka kitanda chako.

Mwanao anayekupenda,
Kasimiri


Nambaya
15 Oktoba 1967

Kasimiri mwanangu,

Marahaba. Natumai u mzima, na Mzee Marijani na mkewe wazima, na watu wako wote wenye miguu. Mimi sijambo. Goti limevimba kidogo kwa lori.

Umeliona jina la mahali hapo juu, kwa hiyo nisizunguke. Nilikwenda kwa Padre Leonardi kama ulivyonishauri. Nilimweleza yote. Alisikitika, akasema kweli anaweza kunifungua siku ileile, nisali rozari tatu na mambo yaishe. Nilifurahi mpaka mlangoni. Pale mlangoni nikajiuliza mbona nafurahi kama mtu anayetoroka mara ya pili. Nikarudi nikamwambia aiache kama ilivyo.

Chilolo wamesema nimerukwa na akili. Jumapili ya mwisho nilisimama mbele ya kigango nikawaambia ukweli, kwamba hakuna Padre na wala hakukuwa na nadhiri ya Padre. Wapo walionuna. Mzee Albano alitaka kurudishiwa shikamoo zake zote, nikamwamkia pale pale, watu wakacheka, ikawa nafuu. Wale mbuzi niliwaacha wakachinjwa, nyama ngumu kama kazi yako. Kasula anaivaa Padre Leonardi, inambana mabega. Bi Hamisa umwambie asante kwa kitanda, lakini ampe mgeni mwingine.

Msimamizi hapa ni Sista Jovina, mdogo kuliko wewe. Alinitazama, akatazama goti, akaniuliza nitakaa muda gani. Nilimjibu kwamba nimechelewa miaka ishirini na tisa, sina haraka ya kuondoka.

Nisikudanganye kwamba nilifika shujaa. Siku ya kwanza nilishika beseni vibaya maji yakamwagika. Harufu ilikuwa ileile. Woga ulikuwa uleule, hata haukuzeeka kama mimi. Niliweka beseni chini, nikasikia lori bado linanguruma getini, na miguu yangu ikageuka yenyewe. Nakueleza wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumweleza. Nilishapiga hatua.

Kulikuwa na bibi mmoja kwenye kitanda cha mwisho, anaitwa Mauwa. Haoni tena. Amekuwa hapa tangu kabla ya vita. Kumbe alikuwa amenisikia nikisalimia wakati naingia. Akaniita. Akauliza kama si mimi yule binti wa Masista aliyekuwa akiimba nyimbo za Bikira Maria kwa sauti ya puani. Mimi simkumbuki, Kasimiri. Nimejaribu, simkumbuki. Nikamjibu ndiye mimi. Nikapiga magoti kando ya kitanda, goti likilia, nikamwomba msamaha kwa kuwa niliondoka bila kuaga.

Alinipapasa uso kwa kile kilichobaki cha mkono wake. Akasema, "Mbona wote mnaondoka, mwanangu. Wanaoondoka tumewazoea. Anayerudi ndiyo kwanza namwona."

Nililia mbele ya kila mtu, sikuona haya. Lori likaondoka. Nikachota maji mengine, nikamwosha.

Sasa nasikia harufu asubuhi tu, ikifika saa nne nimeisahau. Kuna watu thelathini na mmoja, na wengi wanatembea peku. Anza na Mauwa, maana huwa anataka kwenda kanisani mwenyewe kwa fimbo na njia ina changarawe. Nimeiweka miguu yake juu ya karatasi hii, upande wa pili, nikaichora kwa penseli. Wa kulia hauna vidole, usidhani nimekosea kuchora. Mvua hazichelewi huku, jitahidi makatambuga yapatikane kabla ya Noeli.

Mama yako,
Bernadeta